Kichezeo Kilichokwenda na Ruzizi

Kwako Papa, mwalimu wangu wa kwanza,

Juzi mjukuu wako Neema aliniuliza neno kichezeo limetoka wapi. Nilimjibu kama ulivyonijibu wewe, kisha nikaingia chumbani nikalia. Alidhani ameuliza vibaya, maskini. Kumbe ni mimi. Kuna jambo nililokuficha tangu nikiwa na miaka saba, na umeingia kaburini bila kulisikia kinywani mwangu.

Unakumbuka mwaka ule serikali ilipoamuru tuache majina ya Kizungu? Ulirudi kutoka shuleni na abakosti yako mpya, ile suti isiyo na tai, iliyokubana kwapani, ukaamua kwamba hata maneno ya nyumbani yatabadilika. Sisi watoto tulisema "bya kuchezea" kwa kila kitu: magunzi ya mahindi, vifuniko vya chupa, magari ya waya. Kimoja tu kilikuwa na jina la heshima, pupé, yaani mwanasesere, ya marehemu dada Furaha, ile ya mpira yenye macho ya buluu aliyopewa na masista. Furaha mwenyewe aliibatiza Jeannette. Surua ilipomchukua Furaha, uliiweka juu ya kabati, na kila Jumapili baada ya misa ulinipa niichezee hadi chakula kiive.

"Pupé ni neno ya Wazungu, tuliazima tu," ulisema. "Yetu iko kichezeo. Angalia: kifuniko, ya kufunika. Kizibo, ya kuziba. Kichezeo, ya kuchezea. Luga yetu inaita kitu kwa kazi yake."

Maman alizoea kusema unapenda maneno kuliko nyama.

"Na Jeannette ataitwa nani?" nikauliza.

"Naye atafute jina ya Kizairwa, ama bamufunge."

Ulikuwa unatania, Papa. Mimi sikuujua utani.

Wiki ileile, tukiwa bombani, jirani alimwambia Maman kwamba padri akibatiza mtoto jina la Kizungu anafungwa. Nikawaza, na mwalimu anayemweka Jeannette juu ya kabati lake je? Tena inspekta alikuwa anakuja shuleni kwako, na huenda angepita kwetu kunywa chai. Nilimpa Jeannette majina mapya matatu, lakini kila nikimwita, mdomo ulitoa lilelile la zamani. Jumamosi nikapanda kiti, nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha Maman, nikateremka naye hadi mtoni Ruzizi. Maji yalimchukua haraka, upande wa Kamanyola. Nilirudi nikijiona nimekuokoa.

Jioni nilikukuta umesimama mbele ya kabati. Ulipapasa juu, ukapapasa nyuma, ukapiga magoti ukapapasa chini.

"Ya Furaha iko wapi?" ukauliza, kwa sauti ndogo.

Hukusema pupé, hukusema kichezeo. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekutupia. Nikasema sijui. Ulitafuta wiki nzima, hata kwenye shimo la takataka, mwalimu mzima ukichokoachokoa kwa fimbo. Hukumshuku mtu. Afadhali ungenichapa.

Neema alipozaliwa ulikuja na pupé uliyoishona mwenyewe kwa vipande vya kitenge. Mishono ilikuwa mikubwa kama ya gunia, na vidole vyako vilikuwa na alama za sindano. Ukailaza kando ya mtoto.

"Umupe jina yenye unapenda," ukaniambia. "Sasa hakuna wa kuogopa."

Kisha ukanitazama, ukangoja. Nadhani ulikuwa unajua. Nadhani ulikuwa unajua miaka yote ile, ukatembea mlima mzima na miguu yako iliyovimba ili unifungulie mlango. Nami nilisema tu, "Aksanti, Papa," nikaenda kubandika chai. Ulikunywa, ukaaga. Mvua za mwaka ule hazijaisha tukakuzika karibu na Furaha.

Mimi ndiye niliyemtupa, Papa. Nilimtupa kwa kukupenda, nikanyamaza kwa uoga, na huo uoga ndio unaonichoma, kwa sababu siku ile uliyomletea Neema pupé nilikuwa mtu mzima, tena mama wa mtoto. Nisamehe kama unaweza.

Ukiwa na Furaha huko, usimweleze habari hii. Mwambie nitakuja kumweleza mwenyewe.

Pumzika, Papa.

Ni mimi, binti yako uliyebaki naye.