Jino la Kipaka na Wifi Yangu

Shoga, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi nimekuta jino la kipaka wetu sakafuni, ufizi unavuja damu. Nikamvaa wifi yangu: "Umempiga teke! Tangu ulipofika humpendi!" Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikamkimbiza kipaka kwa daktari wa mifugo. Kamfunua mdomo, kacheka. "Mama, haya ni meno ya utoto. Yanang'oka, yanaota mengine. Kama watoto wa shule tu."

Ananiambia mimi! Mwalimu wa darasa la kwanza! Darasa zima mapengo!

Nimerudi mbio kuomba radhi. Wifi kashafungasha, anamsubiri kaka yake ampeleke stendi.

"Humpendi," nilimwambia asubuhi. Shoga, kipaka nilipomshusha tu, kaenda moja kwa moja kulala juu ya begi lake.