Viazi Vyangu Ndani ya Ziwa

Jumapili. Jua limewaka bila huruma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria.

Leo kanisani nilipewa kuongoza maombi ya mvua. Niliomba kwa sauti, mikono juu, akina mama wakaitikia amina kwa nguvu. Moyoni nilikuwa nasema: Bwana, ngoja kidogo, nivune kwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini si mbele ya madhabahu.

Nimeandika. Sasa siri imetoka.

Ziwa letu dogo huku upande wa Mulot lilikauka kabisa na ukame huu. Watu tuligawana sakafu yake kwa kamba, nikapata kipande cha udongo mweusi kuanzia ukingoni hadi katikati. Mahindi ya kila mtu yamekauka, viazi vyangu ni kijani mpaka naona haya kupalilia watu wakipita. Chakula chetu chote kiko mle. Mvua kubwa ikija sasa, maji yatarudi palepale na viazi vitaoza.

Kogo, mama wa mume wangu, aliolewa hapa wakati ng'ombe wa vijiji vyote walikunywa maji humo. Hakuna aliyethubutu kulima karibu. Ukame ukizidi, wanawake wazee waliteremka na maziwa kwenye kibuyu, wakayamwaga ukingoni wakiimba. Amebaki peke yake kati yao, na macho yamemwishia, haoni tena.

Baada ya chakula akaniambia, "Mama Chebet, nipeleke huko kwa ziwa. Hata kama maji hakuna, Mungu anajua mahali."

Nilimshika mkono. Tukiwa bado kwenye njia ya juu, nikawazia miguu yake juu ya viazi vyangu, nikasimama.

"Tumefika ukingo?"

"Tumefika, Kogo."

Nilimdanganya. Alipiga magoti katikati ya njia ya ng'ombe, akamwaga maziwa yote, akaimba wimbo hadi mwisho. Kisha akanishukuru: "Kongoi, mtoto wangu." Nililia, naye akadhani ni imani.

Jioni hii ameketi nje, uso ameuelekeza mbinguni. Ameniuliza kama labda sauti yake ilikuwa ndogo mno, ndiyo maana hakuna hata wingu.

Mvua isipokuja atajilaumu yeye, si mimi.

Kesho nitamwambia ukweli na kumfikisha ukingoni kwenyewe, tukanyage tutakachokanyaga. Nimeandika hivi nisije nikageuka. Lakini asubuhi, nikiviona vile viazi, nitakuwa na mdomo huo wa kusema?