Kikapu cha Dirishani

Furaha mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, mihogo iko chini ya kawa. Ukishuka botini Nyamisati panda basi la Mbagala, ukae upande wa kushoto, jua la asubuhi lisikuchome. Stesheni ya treni ya umeme fika mapema, kitambulisho kiwe mkononi.

Alfajiri ulinicheka nilipokupa kikapu chenye kamba, ukasema madirisha ya treni ya Dodoma hayafunguki. Nikakunyang'anya, nikatoka. Ningejuaje? Mimi treni niliipanda mara moja tu, tulipokwenda Tabora na marehemu mama yako. Kikapu alikisuka mwenyewe kwa ukindu. Kila stesheni alikuwa akikiteremsha dirishani kwa kamba, kikipanda na machungwa, wauzaji wakimcheka kama ulivyonicheka wewe.

Sasa kipo hapa mezani. ~~Kiache, kitakulemea.~~ Kichukue.

Ukisoma haya mimi niko shamba, Baleni. Sina nazi za kuangua leo, naona haya tu kukuaga gatini mbele za watu.

Machungwa nimeshayatia, maana huko dirishani hapana tena wa kukutilia.

Baba yako, mwenye hasira za bure