Paka Alikojoa, Pampasi Nikanunuliwa Mimi

Mpendwa Anti Dede, naomba msaada wako kabla paka hajauawa kwa sababu yangu. Mimi ni mjane, naishi Koforidua kwa mwanangu Ofosu na mkewe Birago, na kwa muda sasa kochi ninalokalia pale sebuleni limekuwa likinuka mkojo, na kwa kuwa mzee wa nyumba ni mimi, wote wakanitazama mimi, mpaka siku moja nikainua mto wangu nikakuta Birago ameniwekea pampasi za watu wazima, amezikunja vizuri kama zawadi ya Krismasi. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo ni paka, anaingia mchana mkiwa kazini, wavu wa dirisha umechanika." Akanishika mkono. "Sawa, Mama. Hata marehemu bibi yangu ilimpata hiyo, wala si aibu." Afadhali angenitukana, Anti. Ofosu naye akaanza kuniuliza mbele ya wageni kama nimeshaenda chooni.

Basi nikaona dawa ni paka aonekane, nikawa namwekea vichwa vya samaki chini ya dirisha humo sebuleni. Ni dume la kijivu lenye sikio lililoraruka, naye akanogewa, akawa anakuja hata jioni. Jumamosi wanawake wa kanisani walimpitia Birago waende mazishini, kitambaa chake chekundu cha kuvaa msibani kimeshapigwa pasi kimetandazwa kochini, paka akaruka dirishani, akageuka, akainua mkia, akakilowesha wote wakitazama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikasema, "Haya, mvisheni pampasi."

Birago ameniomba msamaha chumbani, amelia, lakini ameapa kumtilia paka sumu na Ofosu amekubali. Hawajui kwamba nilikuwa namlisha. Nikisema nitaonekana mbaya, nikinyamaza atakufa, na kusema kweli nimeshamzoea, maana mchana kutwa tuko wawili tu. Nifanyeje?
Maame Afrakoma

Maame Afrakoma, pole kwa zile pampasi. Nimecheka, nikamkasirikia Birago, halafu nikakukasirikia wewe. Unamlisha paka sebuleni, ulitegemea akojoe wapi?

Sumu isiingie nyumba hiyo. Itaua kuku wa jirani, na mtoto anaweza kuiokota. Mwambie Birago leo: "Nilimlisha ili mniamini." Usiongeze neno. Akinuna, mwache anune, atajiuliza mwenyewe kwa nini ilibidi utafute shahidi mwenye mkia.

Ofosu abadilishe wavu. Mito ya kochi iosheni kwa siki na maji, ianikwe juani. Dawa kali za kusafishia zenye harufu kama ya mkojo msiziguse, paka akizinusa hudhani dume mwenzake amepita, naye atarudi kumjibu. Samaki mpe nje, nyuma ya jiko. Kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo akahasiwe, atapunguza sana huo mchezo.

Msamaha wa chumbani nimeusikia, hautoshi. Uliaibishwa mbele ya wageni. Birago awaalike wale wanawake, apike, aseme mbele yao, na Ofosu akiwa hapohapo. Nawe ukishaombwa radhi, usimkumbushe tena kile kitambaa.

Kuna jambo hukuniuliza. Umezoeana na paka mkojozi kwa sababu mchana kutwa huna wa kuzungumza naye. Mwanao halijui hilo. Mwambie leo jioni, kabla hajawasha televisheni.