Sungura Kumi Wasiopakwa Rangi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kisii. Tarehe 6 Mei 1974, saa nne asubuhi.
Jina: Jemimah Mong'ina. Umri: miaka 61. Kazi: mkulima na mganga wa miti shamba. Makao: Kiogoro.

Mimi ndiye niliyemwonyesha Bwana Angwenyi, mtafiti kutoka Nairobi, majani ya kupunguza mafuta kwenye damu. Mnamo tarehe 1 Aprili alianza kuyajaribu kwa sungura ishirini hapo Kiogoro. Walikuwa wamelishwa viini vya mayai miezi mitatu ili damu ijae mafuta. Viini vya mayai, afisa, na watoto wenye njaa wapo! Kumi aliwapaka rangi nyekundu sikioni, akasema hao wapewe dawa. Wale kumi wengine, maji tu.

Nilimwuliza, "Na hawa wamekosa nini?"

Akasema, "Mama, hii ni sayansi. Wewe chemsha tu."

Nikachemsha. Akajaza chupa ishirini na nne, za kuwatosha wenye rangi miezi miwili, akamwachia Abner Nyasani, mtunza sungura, ufunguo wa kabati.

Kila asubuhi saa moja Abner alifungua kabati, akawanywesha wenye rangi, kisha akaliacha wazi akaenda mtoni kuteka maji. Akishaondoka, mimi niliwanywesha wale wengine. Abner hakujua, maana hakuhesabu chupa. Miaka arobaini natibu, sijawahi kumruka mgonjwa nikampa jirani yake. Siwezi, na sitajifunza leo.

Tarehe 3 Mei saa nane mchana Bwana Angwenyi alikuja na majibu ya damu, akakuta kabati tupu. Akamkamata Abner shati: "Umeuza dawa sokoni Nyakoe!" Nikamwambia ni mimi. Hata hakunitazama, akawaita polisi wamchukue Abner. Akasema dawa yenyewe ni takataka, maana wenye rangi na wasio na rangi hawana tofauti, wote mafuta yameshuka.

Yameshuka kwa sababu wote wamekunywa! Mtu amesoma mpaka ng'ambo, hilo halioni? Nina hasira. Abner ana watoto watano na leo ni siku ya nne yuko seli. Mwizi hayupo. Kama kuna wa kufungwa, nifungeni mimi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya kwa mikono yangu, na sipunguzi neno.

Dole gumba: J. Mong'ina

Afisa: Nimemsomea kwa Kikisii, amekubali. Alikataa kuweka dole gumba mpaka nipige mstari chini ya "wote wamekunywa". Ameketi kwenye benchi nje, anasema haondoki bila Abner.
Konstebo Thadeus Okemwa