Jodari Usiniwekee

Baba Koku, waitu, mpenzi wangu, unaendeleaje peke yako huko Kamachumu? Huku Kitendaguro mvua haikatiki, ila Koku na kichanga chake wazima.

Makopo haya mawili ninayokutumia ni jodari, samaki wa bahari anayempita mtu kwa ukubwa. Jana hapa nilifungua jingine kama haya, tukala nusu. Nusu nikaifunga kwenye jani la mgomba, nikamwekea mkwe wetu juu ya jiko la kuni. Koku kuona, akaruka: “Mama! Huyu si sato wa kukausha! Akikaa kwenye joto anaharibika bila hata kunuka. Na friji tunayo!” Tukamtupa samaki yule.

Nikakukumbuka wewe. Tangu unioe, nikitoka hata kwenda msibani, narudi nakuta fungu langu juu ya meko, ndani ya jani, linanukia moshi. Sijala kitamu kama hicho.

Lakini jodari, mzee wangu, nakuomba usiniwekee. Kopo likiwa limevimba, tupa. Ukishafungua lililo zima, malizeni saa hiyo hiyo na jirani.

Mimi niwekee ndizi na maharage. Narudi Jumamosi, nitatazama juu ya meko kwanza.

Mkeo, Mama Koku