Kifundo Kilichokandwa kwa Mafuta ya Alizeti

Jumatatu, 3 Juni
Nimepura alizeti tangu asubuhi. Saa nane nikaruka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani. Kitu kikalia ta! Shangazi, ninayekaa kwake hapa Unyambwa ili nisome, hakuja kuniinua. "Mguu umeteguka tu, mama. Alizeti haijipuri." Nimepura nimekaa.

Jumanne, 4 Juni
Amenikanda. Maji ya chumvi, kisha mafuta ya alizeti ya moto. Amevuta, amezungusha. Nimeuma khanga. Anasema nadeka. Leo namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Alhamisi, 6 Juni
Kanikanda tena, asubuhi na jioni. Kifundo kimevimba, rangi ya zambarau. Katika klabu ya huduma ya kwanza tulifundishwa: asiyeweza kutembea hatua nne apigwe picha ya eksirei. Nimejaribu. Ya pili imenishinda. Nimemwambia Shangazi. "Haya daktari, tuandikie na dawa!" Amecheka na jirani mpaka akafuta machozi. Nimempigia baba simu. Sikuomba ruhusa.

Ijumaa, 7 Juni
Hospitali, na baba na Shangazi. Daktari alibonyeza mfupa wa nje wa kifundo, nikapiga kelele. Picha ikaonyesha umevunjika, tena pale unapokulia. Nina miaka kumi na minne, bado unarefuka. Kipande kimesogea. Daktari aliuliza nani alikanda. Shangazi alitazama sakafu. Nikamtaja kwa sauti.
Walinichoma sindano ya ganzi, wakaunyoosha, wakanifunga plasta ngumu hadi chini ya goti. Nisikanyagie mguu huo. Huenda ukakua umepinda. Huenda.

Ijumaa, 14 Juni
Picha ya pili. Mfupa haujasogea tena. Shangazi hasemi nami. Sawa. Na mimi sisemi naye. Uji anauweka mlangoni kama wa paka.

Jumapili, 30 Juni
Plasta inawasha. Alizeti yote Shangazi ameipura peke yake. Sikumwonea huruma.

Ijumaa, 19 Julai
Plasta imetolewa. Mguu mwembamba, ngozi ina magamba. Mfupa umeunga, umenyooka. Daktari atanipiga picha tena baada ya miezi sita, aone kama unakua sawa na mwenzake. Nadhani utakua sawa.
Jioni Shangazi alileta beseni la maji ya uvuguvugu na chupa ya mafuta. Nilimtazama. Akairudisha chupa kabatini. Akaniosha vidole, polepole, kifundo hakukigusa.
Sijamsamehe. Lakini mguu sikuuondoa.